Viwakilishi vya Kiingereza kwa sisi tuliozoea "yeye" mmoja: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Nafundisha twisheni jioni hapa Kirumba, Mwanza, chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, mabenchi manne na ubao mmoja, umeme ukikatika tunawasha tochi za simu tunaendelea. Juzi nimesahihisha insha ya binti mmoja wa form two, mstari wa kwanza tu kalamu nyekundu ikapata kazi: "My mother she sell fish at Mwaloni. He wake up at four and her brother help he to carry."

Sasa huyu binti sio kilaza hata kidogo. Hesabu anawakalisha wavulana wote. Shida ni kwamba msingi wote amesoma kwa Kiswahili, kaingia sekondari kakuta kila kitu Kiingereza, na kile anachokosea kakitoa kwenye Kiswahili chake kizuri tu. Ukiangalia vizuri makosa yake yote kwenye huo mstari (ukiacha yale ya "sell", "wake" na "help", hayo ni ya vitenzi, siku nyingine) yanatoka sehemu moja. Kiswahili kinauliza hiki ni kitu cha ngeli gani. Kiingereza hakina habari na ngeli, chenyewe kinauliza nani, wa kiume au wa kike, mmoja au wengi, anatenda au anatendwa. Tunajibu swali la Kiswahili kwenye karatasi ya Kiingereza, ndo maana tunapata sifuri.

Kwa hiyo mwongozo huu sitaanza na ile orodha ya kukariri ya I, you, he, she, it ambayo kila mtu anaimba tangu shule ya msingi na bado anakosea. Orodha ipo, ila itakuja ikihitajika.

HATUA YA 1: Kitoe kiwakilishi tumboni mwa kitenzi

Sisi tunaongea na viwakilishi vimejificha ndani ya kitenzi. Chukua "nitampigia". Neno moja, lakini ndani kuna watu wawili: ni- ambaye ni mimi, na -m- ambaye ni yeye. Mwingereza hawezi kuwameza hivo, lazima awatoe nje mmoja mmoja awasimamishe: "I will call him", au "I will call her" kama ni mwanamke. "Wametuibia" ni "They have robbed us". "Ameniuzia" ni "She has sold it to me", na hapo angalia hata kile kitu kilichouzwa imebidi kitokeze, kikawa "it", wakati kwenye Kiswahili hatukukitaja kabisa.

Zoezi la hatua hii: kabla hujatafsiri sentensi yoyote, chukua kitenzi ukikate vipande, pigia mstari kila kipande ambacho ni mtu au kitu, alafu hesabu. Vikiwa viwili, Kiingereza chako lazima kiwe na viwili. Fanya wiki nzima kwenye daftari, baadae akili inakata yenyewe.

Kuna kimoja cha kuchunga, -wa-. "Nitawapigia" inaweza kuwa nitawapigia wao au nitawapigia nyinyi. Ya kwanza ni "I will call them", ya pili ni "I will call you". Kiswahili kinakuacha ukisie, Kiingereza kinataka uchague.

Kutoka hapo yanazaliwa makosa mawili makubwa.

La kwanza, kuwabananisha wawili kwenye kiti kimoja. Sisi tunasema "Mama anauza samaki", na hiyo a- haitoki, huwezi kusema "mama nauza samaki". Ukiipeleka Kiingereza unaandika "My mother she sells fish". Ukimtaja mama, "she" anashuka. Ukiweka "she", mama anashuka. "My mother sells fish" au "She sells fish", basi. Daladala ya Buzuruga konda atakubananisha watano siti ya wanne na mtafika, Kiingereza hakibananishi.

La pili ni kinyume chake, kuacha kiti kitupu. "Inanyesha" wengi wanaandika "Is raining". Nani is raining? Kitenzi cha Kiingereza hakiendi safari bila mtu mbele yake, hata kama huyo mtu hayupo kabisa, kwa hiyo wanaweka "it" akae tu pale kama mzigo: "It is raining." Hivo hivo "Ni mbali" ni "It is far", "Kuna joto leo" ni "It is hot today", "Ni saa mbili asubuhi" ni "It is eight in the morning" (na saa zenyewe ujue wanahesabu tofauti, saa kumi alfajiri ya kwetu ni four yao, yule binti kwenye insha hapo alipatia). Sehemu pekee unapoweza kuacha ni ukitoa amri: "Come here", "Sit down". Huko hata sisi tunasema njoo, kaa.

HATUA YA 2: Mbele ya kitenzi au nyuma yake

Hapa ndo orodha inahitajika. Wa mbele ya kitenzi: I, you, he, she, it, we, they. Wa nyuma: me, you, him, her, it, us, them. Angalia "you" na "it" hazibadiliki, kwa hiyo kazi yako ni jozi tano tu: I–me, he–him, she–her, we–us, they–them.

Anayetenda anakaa mbele, anayetendwa anakaa nyuma. "Help he" haiwezekani kwa sababu anasaidiwa, yuko nyuma, ni "help him". Na baada ya vile vineno kama for, with, to, from, between unaweka wa nyuma siku zote: "with me", "for them", "from her".

Kwa nini tunachanganya? Kwa sababu "mimi" wetu habadiliki nguo. "Mimi na Asha tulienda Nyegezi", "Walituona mimi na Asha", mimi ni yule yule. Dawa yake ni moja na haijawahi kuniangusha: mtoe Asha. "They saw ... " nini? "They saw me." Hakuna anayesema "They saw I". Basi mrudishe Asha: "They saw Asha and me." Ya kwanza, mtoe Asha, "I went to Nyegezi", mrudishe, "Asha and I went to Nyegezi." Umeona na mimi nimekaa mwisho? Kwao ni adabu kujitaja mwisho, sisi tunaanza na mimi na hakuna anayekasirika.

Na ukikosea hapa usijione mshamba sana, Waingereza wenyewe wapo wengi wanaosema "between you and I" wakidhani ndo wamesoma. Sahihi ni "between you and me".

HATUA YA 3: He na she, ugonjwa wetu wote

Hapa tukae kidogo.

Kiswahili hakina he na she. Kisukuma hakina, Kikerewe hakina, Kihaya hakina, hata Kijaluo cha wenzetu wa upande wa Mara ambacho sio lugha ya Kibantu nacho hakina. Yani mtoto wa kanda ya ziwa anakua na lugha mbili tatu kichwani na zote hazijawahi kumuuliza huyu anayeongelewa ni mwanaume au mwanamke kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo ukisema "my wife, he is sick" sio kwamba hujui mkeo ni mwanamke, ni kwamba ubongo wako haujazoea kuangalia hilo wakati unatafuta neno. Kujua sheria hakusaidii. Kila mtu anaijua sheria! Kinachosaidia ni mazoezi ya mdomo, na nina mawili ninayowapa wanafunzi wangu.

Moja la kuandika. Andika stori yako kwanza kwa Kiswahili, alafu juu ya kila mtu weka alama, "ke" au "me". Kila ukikuta a- au -m- inayomhusu huyo mtu, shusha alama yake pale. Ndo uanze kutafsiri. Inachosha wiki ya kwanza.

La pili la kuongea, hili ndo lenyewe. Nenda sehemu yenye watu wanaopita, mimi nawapeleka pale kwenye kivuko cha Kamanga jioni watu wanaporudi kutoka ng'ambo. Mnakaa, na kila anayeshuka unamsema sentensi moja kwa sauti ya chini kabla hajapotea: She is carrying a bucket. He is pushing a bicycle. She is holding her child. He is looking for his ticket. They are laughing. Dakika kumi tu. Usisimame kufikiria, ukikosea rudia ya huyo huyo haraka kabla hajapita. Siku ya kwanza mnakosea mpaka mnacheka wenyewe, na kuna mama mmoja alishawahi kutugeukia akauliza "nyie mnanisema nini?", ikabidi tuamkie na kujieleza. Ila siku ya tano sita unaona ulimi unaanza kuchagua wenyewe.

Je kama humjui ni me au ke? "Kuna mtu kasahau simu yake." Hapa tumia they, hata kama ni mmoja: "Someone forgot their phone. They will come back." Kuna walimu wa zamani wanakata hii kwa kalamu nyekundu wanataka "his or her", lakini they ya mtu mmoja imeandikwa kwenye Kiingereza tangu miaka ya 1300 huko, sio ya vijana wa mtandaoni, na mwaka 2019 watu wa kamusi ya Merriam-Webster kule Marekani waliichagua "they" kuwa neno lao la mwaka. Angalizo moja, kitenzi chake kinabaki cha wengi: "they are", kamwe usiandike "they is". Na ukipata imeili ya mtu wa nje ukaona chini ya jina ameandika "she/her" au "he/him" au "they/them", anakuelekeza umwite vipi, fuata hivo hivo, na kwetu ni nafuu maana majina yao mengine huwezi kujua ni la mwanaume au mwanamke.

Wanyama ni "it", ila mbwa wako mwenyewe au ng'ombe unayempenda unaweza kumwita he au she. Meli zamani mabaharia waliziita she, kwa hiyo ukisoma maandishi ya zamani kuhusu meli kama MV Victoria usishangae kukuta "she", lakini siku hizi wengi wanaandika "it". Lloyd's List, gazeti la mambo ya meli la London, liliacha kutumia she mwaka 2002.

HATUA YA 4: Ngeli zote zinaingia kwenye "it"

Habari njema. Nimekiona, nimeuona, nimeliona, nimeiona, vyote ni "I have seen it". Nimeviona, nimeyaona, nimeziona, "I have seen them". Ngeli zote zile zinazomliza mgeni anayejifunza Kiswahili, wewe huku unazisahau.

Ila kuna mtego, na nauona kila mtihani. Usihesabu kwa Kiswahili. Kitu ambacho kwetu ni wingi kwao kinaweza kuwa umoja. "Pesa zimeisha" unataka kuandika "they are finished" kwa sababu ya zi-, lakini "money" ni it. Habari hizi, "news", it. Nywele zake, "hair", it. Mizigo yangu, "luggage", it. Taarifa zote, "information", it. Kinyume chake nacho kipo: suruali yako moja iliyochanika ni "trousers", they. Mkasi mmoja, "scissors", they. Miwani, "glasses", hiyo angalau ukisema they hushangai sana maana ina vioo viwili.

HATUA YA 5: Yake ya nani?

Hatua hii ndo iliyonipotezea hela, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Kuna mwaka nilipata kibarua cha kumtafsiria mgeni mmoja aliyekuja kujua maisha ya wavuvi. Tukakaa Mwaloni na mama mmoja tajiri, tajiri kwa maana ya ziwani, yani mwenye mtumbwi, nahodha wake kasimama pembeni. Mama anaeleza kwa nini siku hiyo mtumbwi haukutoka: "Nilimwambia nahodha asiende na mtumbwi, mashine yake imekufa." Mimi haraka haraka nikasema: "I told the captain not to go with the boat, his engine is dead." Mgeni akaguswa, akasema atachangia matengenezo, na kwa kuwa nimesema "his engine" akamgeukia nahodha akaanza kuongea nae bei ya spea. Nahodha nae yuko kimya tu anaitikia kwa kichwa. Mama akatuangalia wote, akanigeukia: "We kijana, mashine ya nani?"

Mashine ilikuwa ya mtumbwi, na mtumbwi ni wa mama. Nilitakiwa kusema "its engine", au kama nataka kutaja mwenye mali, "my engine" kwa mdomo wa mama. Chai ya siku ile sikupata.

Tatizo ni hili. Kwetu yake, wake, chake, lake, vyake, zake zinabadilika kufuata kitu kinachomilikiwa. Kitabu chake, jembe lake, mashine yake. Mwenye nacho haonekani, awe baba, mama, au mtumbwi, ni -ake tu. Kiingereza kinageuza macho upande wa pili: hakiangalii kitu, kinamwangalia mwenye kitu. Mwenye akiwa mwanaume, his. Mwanamke, her. Kitu au mnyama, its. Wengi, their. Kinachomilikiwa kiwe kimoja, kumi, cha kike, cha kiume, hakihusiki.

Kwa hiyo "Juma na dada yake" ni "Juma and his sister". Wengi wanaandika "her sister" kwa sababu neno dada limewavuta, wanaona kuna mwanamke hapo. Hapana, mwenye dada ni Juma, Juma ni me, his. "Neema na baba yake" ni "Neema and her father". Rudi kwenye insha ya yule binti, "her brother" pale alipatia, ila nilipomuuliza kwa nini umeandika her akasema alibahatisha.

Hatua ndani ya hatua, fanya hivi kila ukikutana na -ake:
Simama. Uliza kwa sauti, "cha nani?"
Taja jina la mwenye nacho. Usiseme "chake", taja jina.
Huyo uliyemtaja ni me, ke, kitu, au wengi? Hapo ndo uandike his, her, its au their.
Ukishindwa kumtaja, sentensi yenyewe ya Kiswahili haieleweki, muulize aliyeisema. Mimi siku ile ningeuliza tu.

Wengine wa kundi hili ni my, your, our. Hawa wanatangulia kitu: "my boat". Kikiwa peke yake bila kitu nyuma yake, umbo linabadilika: mine, yours, his, hers, ours, theirs. "This phone is mine", sio "This is mine phone". Rafiki yangu mmoja ni "a friend of mine".

Sasa apostrofi, kile kimkia cha juu. Neema's, Juma's, majina yanakichukua. Viwakilishi hivi havikichukui hata kimoja: hers, ours, yours, theirs, its. Ukiona "it's" na kimkia, hiyo ni "it is" au "it has" iliyofupishwa. Jaribu kwa kuirefusha: "The boat lost it is engine"? Haina maana, basi ni "its engine".

Kitu kingine kidogo ambacho hakifundishwi sana, viungo vya mwili. Sisi tunasema "alinawa mikono", mikono ya nani inajulikana. Wao wanataka mwenye mikono: "She washed her hands." "Amevunjika mguu" ni "He broke his leg." Usiache tu "he broke leg".

HATUA YA 6: -ji- na -ana

Kitenzi kikiwa na -ji-, mara nyingi Kiingereza kinaweka self: myself, yourself, himself, herself, itself, na kwa wengi ourselves, yourselves, themselves. "Amejikata" ni "He cut himself" (hakuna "hisself", usijaribu). Kikiishia na -ana ya kutendana, ni each other: "Wanasaidiana" ni "They help each other". Usichanganye, "They love themselves" ni wanajipenda, kila mtu na kioo chake, na "They love each other" ni wanapendana. Kwenye kadi ya harusi hiyo tofauti ni kubwa.

Lakini -ji- nyingine zimeshaganda. Kujifunza ni "learn", sio "learn myself". Najisikia vibaya ni "I feel bad". Kujiunga ni "join", kujiuzulu ni "resign". Na -ana vilevile, "wameoana" ni "They got married" na "tutaonana kesho" ni "See you tomorrow", ukisema "we will see each other tomorrow" wataelewa ila utaonekana umetoka na kamusi.

HATUA YA 7: -ye-, -cho-, amba-

"Mvuvi niliyemwona jana." Kata vipande kama hatua ya 1: ni-, -ye-, -mw-. Wengi wanatoa vyote vitatu nje: "The fisherman who I saw him yesterday." Hapa lile zoezi langu linakudanganya, kwa sababu -ye- na -mw- ni mtu yule yule na Kiingereza kinamtaja mara moja. "The fisherman who I saw yesterday." Him anatoka. "Samaki niliyemnunua" ni "The fish that I bought", sio "that I bought it".

Watu ni who, vitu ni which, na that inaenda na wote. Whom ni ya barua rasmi na mtihani. Whose ndo inayosahaulika, na ni tamu: "Mama ambaye duka lake limefungwa", watu wanaandika "The woman who her shop is closed". Who na her zinaungana zinakuwa whose: "The woman whose shop is closed."

Yaliyobaki nayapitia haraka. This na that kwa kimoja, these na those kwa vingi, karibu na mbali, hapo hatuna shida. Everyone, everybody, nobody vinachukua kitenzi cha mmoja hata kama unaona umati: "Everybody is here." Ukanusho ni mmoja tu, sisi tunasema "sijui chochote" ukaenda kuandika "I don't know nothing", chagua moja, "I don't know anything" au "I know nothing".

Na "you" ni ya wote, mmoja na wengi, mtoto na bibi. Zamani walikuwa na thou ya mtu mmoja, ukifungua Biblia yao ya King James ya 1611 imejaa, siku hizi imekufa. Kwa hiyo ukiongea na mkubwa heshima haikai kwenye kiwakilishi, inakaa kwenye maneno mengine, "could you", "please", "sir", "madam". Shikamoo hawana, vumilia.

ZOEZI LA MWISHO

Tafsiri hii, fuata hatua zote, usikimbilie:

"Neema aliamka saa kumi alfajiri. Kaka yake alimsubiri Kirumba na baiskeli yake. Walienda Mwaloni, wakanunua dagaa wakawaanika. Mvua ikanyesha. Neema alijilaumu, lakini kaka yake alimwambia sio kosa lake."

Jibu la yule binti wa form two, jana jioni, kwa tochi ya simu:

"Neema woke up at four in the morning. Her brother waited for her at Kirumba with his bicycle. They went to Mwaloni, bought dagaa and spread them out to dry. It rained. Neema blamed herself, but her brother told her it was not her fault."

Nikaanza kuweka vema. Kijana wa benchi la nyuma akanyosha mkono, "Mwalimu, mimi nimeandika her bicycle." Binti akageuka, "Kaka ndo kaja nayo, ni yake." Kijana akasema kaiazima kwa Neema, kwani imeandikwa wapi kwamba ni ya kaka? Darasa likagawanyika, wasichana huku wavulana huku, mpaka mwenye duka akagonga ukuta. Wote wakanigeukia mimi niliyeitunga: baiskeli ya nani?

Nikawaambia ni ya baba yao. Kwa hiyo ni "their father's bicycle", na wote mmekosa nusu maksi.